Mgeni wa Kazi Anaponunua Gari Kisumu

Ukisimama nusu saa kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, katikati ya Kisumu, pleti za magari zitakueleza mengi kuhusu mji huu. Nyingi ni za Kenya, nyeupe mbele na njano nyuma, zikianza na herufi K. Kati yake hupenya gari la Uganda lenye herufi U, lililoingilia Busia, na la Tanzania lenye pleti ya njano na herufi T, lililopitia Sirari. Mara mojamoja hupita pleti nyekundu za mashirika ya kimataifa.

Kisumu imezoea wageni wa kazi tangu reli ilipofika ufukweni mwaka 1901, enzi hizo bandari ikiitwa Port Florence. Leo makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yapo hapa, na watumishi wake hutoka katika nchi wanachama. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, huko Kisian, madaktari wa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno, wahandisi wa maji na wafanyabiashara wa samaki, wote hao wana wenzao waliotoka nje ya mipaka ya Kenya. Mtu hupata barua ya ajira, hupanga nyumba Milimani, Tom Mboya au Riat, na kabla hajazoea joto la mchana ameshaanza kuuliza: gari nitalipata wapi?

Majibu huja haraka kuliko swali. Jirani ana binamu anayeuza. Mlinzi wa geti anamjua broka. Simu inalia: "Boss wangu, hii ni gari ya daktari. Ilikuwa ya kwenda kazini na kanisani tu. Haina kazi, ni kuwasha na kwenda." Huenda ni kweli. Tatizo ni kwamba mgeni hana namna ya kujua. Hana rafiki wa miaka kumi mjini, hana fundi anayemwamini, na mara nyingi hana hata karatasi ya kumwezesha kumiliki gari kisheria. Na hapo ndipo wengi hukosea: wanaanza na gari, wakati mwanzo wake ni makaratasi.

Kenya haimsajili mtu kuwa mwenye gari kama hana PIN, ile namba ya mlipa kodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, KRA. Raia wa kigeni anayefanya kazi nchini huhitaji kibali cha kazi, na akikaa zaidi ya siku 90 sheria ya uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka ajiandikishe na apate kitambulisho cha mgeni. Kwa karatasi hizo ndipo hupata PIN, na kwa PIN ndipo hufungua akaunti kwenye mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, unaofikiwa kupitia eCitizen. Mlolongo huu unaweza kula wiki kadhaa. Asiye na subira hununua gari na kuliacha kwa jina la muuzaji, au huliandikisha kwa jina la mwenzake wa ofisini kwa ahadi kwamba "tutabadilisha baadaye". Kuanzia siku hiyo analipia mafuta ya gari ambalo kisheria si lake.

Katika wiki hizo za kusubiri, Kisumu humsaidia mgeni. Mji wenyewe si mkubwa, na tuktuk zimejaa kila kona. Kutoka Milimani hadi Kibuye, au kutoka katikati ya mji hadi Kondele, mtu hufika bila kuhangaika. Boda boda hufika pasipofika tuktuk, na matatu za Ahero, Maseno na Luanda huondoka siku nzima. Mtu akijipa mwezi mmoja wa kupanda tuktuk ataijua njia yake ya kila siku, matuta yake na madimbwi yake, na atakuwa amejua ni gari la aina gani analolihitaji kweli.

Kwa nini nisije na langu?

Swali hili huulizwa na karibu kila anayetoka nchi jirani. Chukua mfano wa mtaalamu wa maji aliyehamia Kisumu kutoka Mwanza, mwenye Toyota IST ya mwaka 2005, gari lililoenea Tanzania nzima. Kuvuka nalo mpaka si kazi. Upande wa Isebania hupewa kibali cha muda, naye huonyesha kadi ya gari na bima ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA ambayo Tanzania huendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo. Lakini kibali hicho ni cha mpitaji, si cha mkazi. Siku kikiisha, gari hurudi kwao au huingizwa Kenya rasmi kwa kulipiwa ushuru.

Na kuliingiza rasmi hakuwezekani. Kwa kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ijulikanayo kama KS 1515 ya mwaka 2000, gari la mtumba linaloingizwa nchini lisizidi umri wa miaka 8. Mwaka 2025 magari yaliyokubaliwa ni yale yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018 na kuendelea, na kila Januari mpaka huo husogea mbele mwaka mmoja. IST ya 2005 haina mlango wa kupitia, hata ikiwa inang'aa na injini yake haijaguswa.

Majirani wa Kenya wana taratibu tofauti, na tofauti hizo huwachanganya wengi. Tanzania huruhusu gari kuukuu liingie, ila hulitoza ushuru wa bidhaa wa ziada kwa sababu ya umri: asilimia 15 kwa lenye miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Uganda iliamua mwaka 2018 kupiga marufuku uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo gari halali kabisa Musoma au Jinja linaweza kuwa haramu kusajiliwa Kisumu, ingawa linatoka ng'ambo ya ziwa lilelile.

Anayetoka Goma, Bujumbura au Kigali ana kikwazo kingine. Huko watu huendesha upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto. Kenya, iliyorithi utaratibu wa Waingereza, huendesha kushoto na haisajili gari lenye usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalumu kama vile ambulensi na magari ya zimamoto. Mtu huyo auze gari lake kwao kabla ya kufunga mizigo.

Upo mlango mpana kwa Wakenya wenyewe. Mzaliwa wa Siaya au Homa Bay aliyeishi Uingereza, Marekani au Ghuba kwa angalau miaka miwili, na sasa anarudi nyumbani kufanya kazi, anaweza kuingiza gari moja bila kulipa ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko kwa angalau miezi 12. Hata yeye kanuni ya miaka 8 inamhusu. Kwa wanaotoka nchi za usukani wa kushoto, KRA ina utaratibu unaowaruhusu kuuza lile la huko na kuleta lenye usukani wa kulia, lisilozidi thamani ya lile la awali. Wanaoukosa msamaha huu mara nyingi hukwama kwenye ushahidi: hawakuhifadhi karatasi za kununulia, za usajili na za bima za kipindi chote hicho. Anayefikiria kurudi mwaka kesho aanze leo kuziweka pamoja.

Kuagiza Japani au kununua hapahapa

Magari mengi yanayotembea Kisumu yalianza maisha Japani. Japani nayo huendesha upande wa kushoto, na ukaguzi wa lazima wa magari huko, unaofanywa gari jipya likifika miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, ni ghali kiasi kwamba Wajapani wengi huona heri kuuza. Magari hayo hupelekwa kwenye minada, hununuliwa, hukaguliwa kabla ya kupakiwa, kisha huja kwa meli hadi Mombasa.

Mgeni mwenye intaneti anaweza kuagiza mwenyewe, na bei anazoziona kwenye tovuti humvutia. Lakini bei ile ni mwanzo tu. Ushuru ndio hujenga nusu ya pili ya gharama, na inafaa mtu aufahamu kabla ya kutuma dola.

KRA haihesabu ushuru kwa bei uliyomlipa Mjapani. Ina orodha yake ya bei za magari mapya nchini Kenya, ambayo hupunguzwa kulingana na umri wa gari ili kupata thamani ya forodha. Mwaka 2025 mamlaka hiyo ilitangaza orodha mpya baada ya kuitumia ya zamani kwa miaka kadhaa. Tuseme thamani ya forodha imefika KSh 1,000,000 na injini haizidi cc 1500. Ushuru wa kuingiza bidhaa, uliopanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, ni KSh 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, nao ni KSh 270,000. Juu ya yote hayo huja VAT ya asilimia 16, KSh 259,200. Ongeza ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, zote juu ya thamani ya forodha, ambazo ni KSh 45,000. Jumla ni KSh 924,200. Gari la milioni moja linadaiwa karibu milioni nyingine kabla halijatoka bandarini.

Injini ikizidi cc 1500, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 25 na jumla hugonga KSh 1,002,500. Ndiyo sababu Kenya imejaa Fielder, Axio, Vitz, Demio na Note za injini ndogo. Wenye magari hesabu hii wameshaipiga. Injini ya petroli inayozidi cc 3000, au ya dizeli inayozidi cc 2500, hutozwa asilimia 35. Gari la umeme hutozwa asilimia 10, ila mnunuzi wa Kisumu ajiulize kwanza atalichaji wapi akiwa Mbita.

Bado kuna ada za bandari, malipo ya ajenti wa forodha, usajili, pleti na safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Tena malipo ya Japani ni kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja iligota KSh 160 na zaidi. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu KSh 130. Aliyeagiza Januari na aliyeagiza Agosti walinunua gari lilelile kwa bei mbili tofauti kabisa.

Kuagiza kunamfaa mtu wa mkataba mrefu, mwenye akiba, anayeweza kusubiri miezi miwili au zaidi. Faida yake ni karatasi ya mnada: inaonyesha daraja la gari, kilomita zake na mahali palipopigwa rangi upya. Cheti cha kulitoa gari nchini Japani nacho huwa na kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi. Anayenunua kwenye yadi ya Kisumu au Nairobi gari ambalo halijasajiliwa ana haki ya kuomba karatasi hizo zote mbili. Muuzaji asiye nazo, au anayesema zimepotea, huenda anaficha odometa iliyorudishwa nyuma.

Kwa mwenye mkataba wa miaka miwili, maoni ya makala haya ni kwamba anunue gari ambalo tayari lina namba za Kenya. Ushuru umeshalipwa, bei imeshashuka, na akiondoka atauza kwa hasara ndogo. Kazi yake ni kulikagua vizuri.

Barabara za ziwa

Gari huchaguliwa kwa njia litakayopita. Anayefanya kazi mjini, kati ya Milimani, Mamboleo na Kisian, ana lami karibu mwaka mzima, na gari dogo la cc 1300 linamtosha. Anayekwenda uwanda wa Kano, Ahero au Nyando, anakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha hushika magurudumu mpaka gari lisimame. Wanaokwenda fuo za mbali huacha lami na kuingia murami yenye mawe. Huko kimo cha gari kutoka ardhini ni muhimu kuliko ukubwa wa injini.

Ukitaka kujua wenyeji wanaamini nini, angalia Toyota Probox. Gari hili, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 kama gari la kazi, ndilo hubeba watu, magunia ya omena na kreti za soda kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Halina urembo wowote. Lina springi ngumu nyuma, nafasi kubwa ya mizigo, na vipuri vyake hupatikana hata kwenye vituo vidogo. Lakini mgeni anayeuziwa Probox ya mtumba iliyofanya kazi ufukweni avue kapeti ya nyuma. Samaki husafirishwa na barafu, barafu huyeyuka, na maji yake hukaa kwenye bati la sakafu mwaka nenda mwaka rudi.

Maji yenyewe ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo magari ya Kisumu hayaliwi na kutu kama yale ya Mombasa. Gari lenye kutu nyingi chini lina historia ya mahali pengine: ama pwani, ama kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Hatari kubwa hapa ni mafuriko. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 lilifurika tena. Nyumba za Dunga na fuo nyingine zikaingiwa na maji, na Mto Nyando ukamwagika kama ilivyo desturi yake. Gari lililolala ndani ya maji huoshwa, hukaushwa na kupuliziwa manukato. Miezi michache baadaye nyaya zake huanza kufa moja baada ya nyingine. Tope huwa halijaondoka mahali pa siri: chini ya kapeti, kwenye reli za viti, ndani ya shimo la gurudumu la akiba, nyuma ya mikanda ya usalama ukiivuta yote mpaka mwisho.

Basi ukaguzi ufanywe hivi. Mnunuzi aende asubuhi, injini ikiwa baridi, na aiguse boneti; ikiwa ya moto, huenda muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha jambo. Aende na fundi wake mwenyewe, si yule anayependekezwa na muuzaji. Gereji za Obote Road zina mafundi wa kila aina, na bora kumtumia anayependekezwa na watu watatu wasiojuana. Fundi afungue kifuniko cha rejeta na cha mafuta ya injini. Akikuta povu la rangi ya maziwa, maji na oili vimeshakutana na hapo mazungumzo yamekwisha. Achomeke mashine ya kusoma hitilafu. Aulize oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, hasa kama giaboksi ni ya CVT, ambayo huhitaji oili yake maalumu na huharibika upesi ikiwekewa nyingine.

Kisha wapande mlima. Kisumu ina uwanja mzuri wa kujaribia gari: barabara ya Kakamega. Kutoka Mamboleo inapanda Riat bila kupumzika hadi Kiboswa. Gari lenye ubovu wa rejeta, giaboksi au injini iliyochoka haliwezi kujificha kwenye mwinuko ule. Panda huku kiyoyozi kinafanya kazi na macho yako kwenye kipimo cha joto. Ukifika juu, simama, tazama moshi wa nyuma, acha injini ikinguruma dakika kumi. Wakati wa kushuka, sikiliza breki na shoksi. Nusu saa hiyo itakufundisha zaidi ya picha zote ulizotumiwa kwa simu.

Jina lililo kwenye logbuku

Gari zima likipita mtihani wa Riat, bado liko swali la nani anayeliuza. NTSA hutoa rekodi ya gari kwa ada ndogo kupitia eCitizen: unaweka namba ya usajili, unapata jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini na kama kuna mtu mwingine mwenye haki juu yake. Linganisha na kitambulisho cha anayeuza, kisha chuchumaa ulinganishe na namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe. Ukikuta namba imekwaruzwa au imepigwa upya, usijadili bei.

Jambo la mtu wa pili mwenye haki ni zito Kenya, kwa sababu watu wengi hukopa kwa kuweka logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, rehani. Benki, sako au kampuni ya mikopo huandikwa pamoja na mwenye gari, na sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika ilianzisha rejista ambamo mikopo ya namna hii huandikwa. Deni lisipolipwa, mkopeshaji hulifuata gari popote lilipo, hata kama aliyelinunua alilipa kwa imani njema. Gari la namna hii linaweza kununuliwa bila matatizo, lakini pesa ziende kwanza kwa mkopeshaji, naye atoe barua kwamba amejiondoa.

Malipo yapite benki. M-Pesa, inayotumika Kisumu kwa kila kitu kuanzia sukuma hadi kodi ya nyumba, ina kikomo cha KSh 250,000 kwa muamala mmoja, na kugawanya bei ya gari vipandevipande huacha mkanganyiko wa risiti. Uhamisho wa benki kwenda kwa jina lililo kwenye logbuku, pamoja na mkataba wa mauzo uliotiwa saini mbele ya wakili, ni kinga ambayo mgeni hapaswi kuikwepa ili kuokoa pesa. Sheria ya Trafiki inasema gari lililouzwa lisitumike zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake na mnunuzi huukubali kwenye yake, kwa hiyo inawezekana kabisa wakae meza moja, kila mtu na simu yake, na pesa zitoke uhamisho ukiwa umeshaanzishwa.

Bima ya wahusika wengine ni ya lazima, na cheti chake siku hizi ni cha kidijitali. Mwenye gari la thamani afikirie bima kamili, na aulize wazi kama inafidia mafuriko, kwa kuwa si kila mkataba unafidia. Hakuna stika ya barabara ya kila mwaka kama zamani; kodi ya barabara hulipwa kwenye mafuta, KSh 25 kwa kila lita tangu Julai 2024. Mwaka huohuo, katika muswada wake wa fedha, serikali ilipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Pendekezo hilo liliondolewa, na muswada wenyewe ukatupwa baada ya maandamano ya Juni.

Logbuku yenye jina lako ina faida nyingine ambayo mgeni huiona wikendi ya kwanza anapotaka kwenda kwao. Kuvuka Busia au Isebania na gari la Kenya kunahitaji karatasi ya umiliki, na dereva asiye mwenye gari huulizwa barua ya ruhusa ya mwenyewe. Wale waliosema "tutabadilisha baadaye" hurudishwa Kisumu kutoka mpakani.

Siku ya kuondoka nayo ina mambo yake. Mtumishi wa shirika lenye msamaha wa kodi, aliyenunua gari bila ushuru, akumbuke kwamba ushuru hudaiwa pindi anapomuuzia mtu asiye na msamaha huo. Wengine wote waanze kutangaza miezi mitatu kabla mkataba haujaisha, maana wanunuzi wa Kisumu humtambua upesi mtu mwenye tiketi ya basi la kesho, na bei hushuka kila siku inayopita.

Zaidi ya bei, gari lisibaki kwa jina lako. Likisababisha ajali Ahero, au likikamatwa na mali ya wizi Mbita, polisi humtafuta aliyeandikwa kwenye rekodi ya NTSA, hata akiwa ameshahamia Dodoma au Kampala. Usipande basi wala ndege kabla mnunuzi wako hajaukubali uhamisho na jina lake halijaonekana kwenye mfumo. Toa nakala ya rekodi hiyo mpya, na uende nayo.